Tyubu Chini ya Baba

Wodi ya Wanaume
4 Machi

Mdogo wangu Muuguzi,

Umesema nisipige simu, niandike, kwa sababu kwenye simu nakuchekesha mpaka unasahau ulichotaka kuuliza. Haya, nimeandika. Darasa la sita nililiacha likiwa bado linanihitaji, kwa hiyo herufi zikipinda, zinyooshe wewe uliyesoma. Barua anakuletea Mrefu wa basi la asubuhi. Ni mtu wangu, mwaminifu kabisa, ila usimkaribishe chakula maana hataondoka.

Ulisikia kwa haraka, sasa sikia vizuri. Baba alikuwa dukani kwake anashusha jora la kitambaa juu ya kabati. Fundi cherehani wa miaka sabini na sita anapanda stuli kama kijana anayechungulia kwa jirani! Stuli ikaenda kwake, yeye akaenda kwake. Nyonga ya kulia imevunjika. Sasa amelala chali, mguu umezungushiwa bandeji, na mwisho wa kitanda unaning'inia mfuko wa mchanga unaouvuta mguu usijikunje. Daktari wa mifupa anasema vyuma vikifika, wiki tatu hivi, atampasua, na akimpasua Baba atatembea. Ni neno lake hilo, sikuongeza chumvi: atatembea.

Usiwe na wasiwasi hata kidogo. Nimeegesha lori, nimemwambia tajiri wangu atafute dereva mwingine, nimehamia hapa. Mimi niliyevuka mipaka minane na mashine za kiwanda bila kupasua taa moja, nitashindwa kumlinda mzee mmoja wa kilo hamsini?

Lakini wodi hii, mdogo wangu! Vitanda thelathini na nne, wauguzi wawili, harufu moja. Changanya mkojo wa jana, uji uliomwagika, dawa ya kupigia deki na vyombo vilivyosahauliwa chini ya vitanda, kisha funga madirisha yote. Mimi nimewahi kusafirisha ngozi mbichi za ng'ombe siku nne juani na nilikula mkate humo humo garini. Choo cha hapa nimekiona mara moja tu, sasa navuka barabara kwenda kujisaidia kituo cha mafuta. Magodoro yamevikwa plastiki, shuka zinateleza, mtu anatoka jasho kama yuko kwenye mfuko. Kitanda cha kushoto kwa Baba yuko Mpiga Rangi, aliporomoka na ngazi, miguu yote miwili iko kwenye plasta. Huyo kitu pekee ambacho hakikuvunjika ni mdomo.

Sasa sikia akili ya kaka yako. Baba alilalamika kwamba mfupa wa makalio unamuuma kwa kulala chali. Nikatoka, nikapata tyubu ya toroli, nikaijaza upepo nusu, nikaizungushia shuka na kumkalisha juu yake. Tundu katikati, makalio hayagusi godoro. Mpiga Rangi akasema, "Mzee sasa amekaa kwenye kiti cha enzi." Hata nesi mmoja alisimama kuangalia. Nyie mlisoma miaka mitatu, hamkufundishwa hilo.

Kaka yako,
Dereva

*

9 Machi

Kaka,

Mrefu amefika, na amekula sahani tatu. Nimecheka na barua yako mpaka mstari wa tyubu. Hapo nikaacha kucheka.

Itoe. Usingoje kumaliza kusoma, nenda ukaitoe kisha urudi kwenye barua. Ukingo wa ule mpira unambana pande zote, na nyama ya katikati inaning'inia kwenye tundu bila damu ya kutosha. Umemfunga Baba kamba makalioni, Kaka, na ukaivika shuka ili ipendeze.

Sasa nijibu mambo haya, na usiniletee hadithi za mipaka minane. Baba ni mwembamba, mifupa yake iko jirani na ngozi, anakula nini? Anamaliza, au anakuonyesha sahani kwa ujanja wake ule? Anakunywa maji? Mkojo unapita wapi, na akijilowanisha anakaa nao muda gani? Shuka chini yake imenyooka au ina mikunjo? Nimeona ngozi ya mtu ikifa kwa siku mbili kwa sababu ya kifuniko cha sindano kilichosahauliwa chini ya paja. Kisigino cha ule mguu unaovutwa kimelala juu ya godoro au kinaelea?

Na mgongo wake, umeuangalia? Sijasema umeangalia shuka. Kwa ngozi yetu hii usitafute wekundu, hutauona. Tafuta palipokoza weusi, au palipo na joto, au pagumu kuliko jirani yake. Pabonyeze kwa kidole, hesabu mpaka tano, achia. Pakibadilika rangi kisha pakarudi, bado tuna muda. Pasipobadilika, mwite muuguzi muda huo huo.

Kuna karatasi inayoning'inia mwisho wa kitanda, ina saa zimepangwa. Kila baada ya saa mbili anayemgeuza Baba anaandika amemlaza upande gani na kutia sahihi. Hata mwenye mguu unaovutwa anaweza kuinamishwa kidogo kwa mto. Isome uniambie.

Ningekuja leo, unajua. Likizo yangu ni mwezi wa nane, na nimeshaomba mara mbili nimekataliwa.

Mdogo wako

*

Wodi ya Wanaume
14 Machi

Mdogo wangu,

Nimechefuka. Sijui niandike au niteme mate kwanza.

Nimesoma ile karatasi. Ilikuwa saa tano kamili asubuhi, jua linawaka, chai haijaondolewa mezani. Na karatasi inasema Baba amegeuzwa saa sita, akageuzwa saa nane, akageuzwa saa kumi, akageuzwa na saa kumi na mbili jioni. Sahihi zote zipo, nzuri, zimejikunja kama mikia ya mbuzi. Kumbe wodi hii ina manabii!

Nikamwita nesi kijana. "Dada, samahani, leo saa kumi jioni ilikuwaje? Mvua ilinyesha?"

"Sijakuelewa, kaka."

"Hii hapa saa kumi. Wewe umeshatoka huko. Nataka kujua kama nianue nguo."

Mpiga Rangi akadakia, "Na mpira! Muulize nani kashinda mpira!"

Wodi nzima ikacheka, mpaka yule mzee wa kona ambaye tulidhani hasikii. Nesi akaichukua karatasi, akaikunja, akaondoka. Nikamfuata mpaka kwa mkubwa wao, mama mmoja mpana tunayemwita Mama Funguo kwa sababu stoo ya mashuka haifunguki bila yeye. Nikamwambia: mimi nikijaza kitabu cha safari kwamba nimefika kabla sijaondoka, napokonywa leseni. Nyinyi mnafanya hivyo na ngozi ya baba yangu! Akanisikiliza amesimama. Akasema, "Nimekusikia, baba. Na wewe nina neno na wewe." Nikamwambia neno lake alipeleke stoo.

Nimeona uchafu duniani. Nimeona nguruwe waliokufa kwenye tela. Lakini mtu mwenye cheti kuandika uongo mzuri namna ile, na mwandiko safi, huo ndio uchafu ulionishinda kumeza.

Kuhusu maswali yako. Tyubu, nimekusikia. Chakula, anakula. Mwisho wa mgongo, pale juu ya makalio, kuna kiduara kimekoza kidogo, saizi ya kifuniko cha soda. Nimebonyeza. Hakikubadilika sana, lakini vidole vyangu ni vya usukani, havikusomea udaktari. Nakisugua kwa mafuta asubuhi na jioni, nasugua kwa nguvu kama ninavyong'arisha rimu, damu itembee. Kitapona. Vyuma vinakuja tarehe ishirini na nne.

Kaka yako,
Dereva

*

18 Machi

Kwa Muuguzi Mkuu,
Wodi ya Wanaume

Mheshimiwa,

Mimi ni muuguzi mwenzako na ni binti wa mgonjwa wako, fundi cherehani aliyevunjika nyonga. Kaka yangu ameniandikia kwamba karatasi ya kumgeuza baba yetu hujazwa kwa siku nzima kabla ya saa sita mchana. Nimesoma sentensi hiyo nikiwa nimevaa sare hii hii unayovaa, na nimeona kinyaa. Sina neno la adabu zaidi ya hilo.

Unajua vizuri kuliko kaka yangu nini kinampata mzee mwembamba, asiyejiweza kujigeuza, juu ya plastiki. Unajua tunasubiri upasuaji. Ikiwa kitampata kidonda, mkono uliotia sahihi zile ndio uliokichimba.

Naomba mumtazame mgongo leo, na naomba kaka yangu azuiwe kabisa kumsugua. Nimemwandikia na yeye, lakini ni mtu wa kusikia nusu. Nangoja jibu lako.

Binti wa mgonjwa

*

Wodi ya Wanaume
23 Machi

Binti yangu,

Nakuita hivyo kwa umri wangu, usichukie. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nimesimama.

Kuhusu karatasi, ni kweli. Sitakuambia kwamba tuko wawili kwa vitanda thelathini na nne. Hilo unalijua, na haligeuzi mgonjwa. Aliyefanya hivyo ameandikiwa onyo, na karatasi sasa nazikagua mwenyewe. Mimi ndiye mkubwa hapa, aibu ni yangu.

Lakini umeandika ukiwa na nusu ya habari, na nusu nyingine ni juu yangu kukupa.

Kuna mara nyingi tulikwenda kumgeuza kweli. Mimi mwenyewe nimekwenda mara nne. Kila tukimshika, baba yako anaguna, na akiguna tu kaka yako anasimama katikati yetu na kitanda. "Mwacheni apumzike. Huyu ni mzigo wangu, nimeshaufunga vizuri." Siku moja alitanua mikono kama anazuia gari. Wauguzi wangu vijana wakaacha kwenda. Walioacha kwenda wakaanza kuandika kwamba wamekwenda. Ndivyo ilivyoanza kwenye kitanda kile. Kwingine sijui nijitetee vipi.

Pili, baba yako hali wala hanywi. Mkate anauficha chini ya mto, maji anamwagia kwenye chupa ya mkojo ili ionekane amekunywa na kukojoa. Nilipomuuliza, alisema kwa sauti ndogo kwamba asiyekunywa hajilowanishi, na asiyejilowanisha havuliwi nguo na mtoto wake. Aliniomba nisimwambie kijana. Nakuambia wewe.

Tatu, jana nilimtoa kaka yako nje kwa nguvu, nikainua shuka. Tyubu ilikuwa bado iko chini yake, imepunguzwa upepo na kufichwa ndani ya foronya. Niliinyanyua ikatoka imenata. Shuka lilikuwa kahawia. Kile kiduara unachokisikia si kiduara tena. Ngozi nyeusi ilikuwa imekufa na kuachia ukingoni, na chini yake kuna shimo la upana wa kikombe cha chai, lina usaha, linaingia vidole viwili kabla ya kufika pagumu. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na sita. Harufu ilipotoka, nilirudi nyuma hatua moja, kisha nikajiona nimerudi nyuma, nikasogea tena. Kaka yako alikuwa amechungulia pazia. Aliona kila kitu.

Daktari wa mifupa amekuja leo. Hatapasua nyonga iliyolala jirani na usaha, kwani vyuma vingeoza ndani. Upasuaji umesimama mpaka hapo palipooza pasafike.

Naandika haya baba yako akiwa amelala kwa ubavu kidogo, mto mgongoni. Kaka yako hajarudi tangu jana. Kama unajua alipo, mwambie mzee anamwulizia.

Muuguzi Mkuu

*

Yadi ya malori
26 Machi

Mdogo wangu,

Najua Mama Funguo amekuandikia. Mrefu alibeba barua yake, akaniambia ilikuwa nzito. Basi mimi sina la kukusimulia ila moja.

Nimekimbia.

Niko yadi, ndani ya lori langu, milango imefungwa, siku ya nne leo. Nilichungulia pazia nikaona mgongo wa Baba. Nilitapika kwenye sinki la kunawia mikono la wauguzi, mbele ya watu, kisha nikashuka ngazi, nikavuka barabara, nikaendelea kutembea mpaka nikajikuta hapa. Madereva wenzangu wananiuliza, "Mzee vipi?" Nasema, "Anaendelea vizuri sana." Mpaka leo nasema hivyo, mdogo wangu. Mdomo wangu umeshazoea, hauulizi ruhusa.

Uliniambia niitoe tyubu. Nilipunguza upepo. Nilisema moyoni, mtoto huyu amesoma kwenye kitabu, mimi nimebeba mizigo miaka thelathini. Nikaificha ndani ya foronya, mtu mzima mwenye mvi! Halafu nikaenda kumpigia kelele yule binti kwa sababu ameandika uongo kwenye karatasi. Nilichekesha wodi nzima juu yake. Na yeye aliacha kuja kitandani kwa sababu mimi nilitanua mikono.

Nikila, naisikia ile harufu kwenye kijiko. Nimeoga mara sita. Mafuta yale ya kusugulia yalikuwa bado mfukoni, nimeyatupa kwenye pipa na pipa nalo nimelisogeza mbali. Nilikuwa nasugua, unaelewa? Asubuhi na jioni nilikuwa nakaa pale nikisugua nyama ya Baba mpaka ikavunjika, na yeye anauma shuka ili asiniudhi, na mimi namwambia, "Unaona raha, eh?"

Sipigani na wauguzi tena. Nachukizwa na mikono yangu. Na siwezi kuingia wodini. Mpelekee mtu mwingine. Muulize Shangazi. Mimi mwanamume mzima nimeshindwa na mgongo.

Kaka

*

30 Machi

Kaka,

Shangazi ana miguu iliyovimba na umri wa Baba. Hakuna mtu mwingine. Ni wewe.

Nilikaa na barua zenu mbili mezani, yako na ya Mama Funguo, nikitafuta jinsi ya kukutukana. Nilikuwa na maneno mazuri. Lakini kuna jambo nimelificha, na siwezi kukuambia urudi huku nimelificha.

Ile barua kali niliyompelekea Mama Funguo niliiandika Jumapili. Kesho yake niliingia zamu. Saa nne asubuhi nikachukua karatasi ya kitanda namba tisa, bibi mmoja aliyepooza upande, hana mgeni, hana wa kumsemea. Nikaanza kujaza. Saa sita, kulia. Saa nane, kushoto. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe, Kaka, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Nilifika saa kumi ndipo nikajiona.

Haikuwa mara ya kwanza. Ni tangu mwaka jana. Najua nitakuwa na shughuli mchana, nitachoka, basi naandika mapema, nasema nitamgeuza tu nikipita. Siku nyingine nilipita. Siku nyingi sikupita. Niliinua shuka la yule bibi. Sina haja ya kukueleza nilichokiona, wewe umekiona kwa Baba. Kidole changu kiliingia. Yeye aliniangalia tu kwa sababu hawezi kusema, na mimi ndiye ninayemchana nywele kila asubuhi na kumwita "bibi mrembo".

Nilikwenda kwa msimamizi nikamwandikia jina langu mwenyewe. Nimepewa onyo, na wenzangu hawaniombi hata chumvi sasa, maana baada yangu karatasi zote zimekaguliwa. Nimeomba kitanda namba tisa kiwe changu peke yangu. Ninamsafisha mwenyewe. Natapika, ndiyo. Mimi muuguzi wa miaka kumi na moja natapika, kwa sababu kile kidonda kina sahihi yangu.

Kwa hiyo sikuhubirii. Panda zile ngazi. Mama Funguo atakuonyesha kusafisha kwa maji ya chumvi, na namna ya kufungasha shimo bila kulikaza. Mgeuze kila saa mbili, akiguna na agune, mpe kwanza dawa ya maumivu, kisha subiri nusu saa. Mto chini ya shavu la mguu, kisigino kielee. Mayai, maharage, maziwa, kila anachokubali. Na maji anywe mbele yako. Kama anaona aibu kuvuliwa na wewe, mwambie kwamba na wewe unaona aibu. Nadhani hajawahi kusikia hilo kutoka kwako.

Mdogo wako

*

Wodi ya Wanaume
27 Aprili

Mdogo wangu,

Samahani kwa kimya. Sikuwa na mkono mtupu wa kuandikia.

Nilipanda ngazi tarehe mosi, saa nne asubuhi. Baba alikuwa ameangalia dari.

"Nani huyo?"

"Mimi, Baba."

"Mimi ndiye nani? Nilikuwa na mtoto dereva, akapata safari ya ghafla."

"Nimerudi."

"Umeleta mzigo gani?"

Nilikuwa nimeshika mfuko. Nikasema, "Sabuni."

Akautazama mfuko. Halafu akasema, "Nani atanivua nguo?"

"Mimi, Baba. Na naona aibu mpaka masikio yanawaka."

"Wewe unaona aibu?" Akageuza shingo kunitazama. "Basi tumekuwa wawili."

Mama Funguo akanipa glovu. Akanionyesha sinki. "Ukitaka kutapika, pale. Ukimaliza, unarudi hapa." Hakuniambia neno jingine, na mimi lile neno lake la siku ile sikuliuliza. Siku ya kwanza nilikwenda sinki mara mbili. Siku ya pili mara moja. Wiki ile yote machozi yalikuwa yananitoka kwa harufu, pua nimeiziba kwa pamba, na mkono unaingia pale ndani na kitambaa, unatoa vitu ambavyo, mdogo wangu, nimeapa kutomwelezea mtu anayekula. Wewe unavijua. Yule nesi kijana ndiye anayenishikia taa. Nilimwomba radhi. Akasema, "Saa kumi mvua haikunyesha, kaka," akaendelea kushika taa.

Sasa habari nzito, naiandika bila kuipaka rangi. Kidonda kinasafika. Weusi umeisha, usaha umekauka, ndani pameota nyama nyekundu kama fizi za mtoto, na shimo limepungua kina, linameza kidole kimoja na si chote. Lakini daktari wa mifupa amepiga picha jana. Mfupa umechoka kungoja, umeanza kujishika unavyotaka wenyewe, umepinda, mguu umepungua vidole vitatu. Hatapasuliwa tena. Atakaa kwenye kiti. Akibahatika atasimama kwa magongo mawili. Kutembea kule alikosema daktari mwezi wa tatu, hakutakuwepo. Mimi ndiye niliyemnyima kutembea, mdogo wangu, mimi na ile tyubu na ile mikono. Sitafuti wa kugawana naye.

Nilimwambia Baba mwenyewe leo, baada ya chai. Nilitaka daktari amwambie, nikaona nitakuwa nimekimbia tena. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kumjibu tangu alazwe.

"Huko nyuma kukoje? Mimi sioni. Kila mtu anainua shuka, anakunja uso, anasema hujambo Mzee. Niambie."

Unanijua. Mdomo ulikuwa tayari: kakidonda tu, Baba, kanafunga. Nikaukamata. Nikamwambia. Nikamwambia upana, nikamuonyesha kwa kidole changu kina kilivyokuwa na kilivyo sasa. Nikamwambia rangi. Nikamwambia nilitapika. Nikamwambia kwamba mwezi wa tatu kilikuwa kinanuka mpaka mlangoni.

Akakunja uso. "Harufu ile ilikuwa mimi?"

"Ilikuwa wewe, Baba."

Baba akageuza kichwa polepole upande wa kushoto, kwa Mpiga Rangi, ambaye kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa anajifanya anasoma gazeti.

"Wewe kijana," Baba akasema. "Mimi wiki zote hizi nilijua ni wewe unayeoza."

"Najua, Mzee. Ulikuwa unaniambia kila asubuhi."

Mdogo wangu, hapo ndipo nilipopata akili. Nyonga ya kulia haikubali kulaliwa, kwa hiyo ubavu wa Baba ulikuwa ni mmoja tu, wa kushoto, na kila tukimuinamisha huko aligoma, anasema chali panamtosha, na sisi tukadhani ni maumivu. Kumbe alikuwa anaikimbia harufu. Aliikimbia kwa kulala juu yake.

"Na ulijua inakotoka?" Baba akamuuliza.

"Pua yangu ni nzima, Mzee. Kilichovunjika ni miguu."

"Ukaniacha nikutukane?"

Mpiga Rangi akalishusha gazeti. "Nilisema huyu mzee ameshapoteza nyonga, hali, hanywi, mwanawe anamsugua kama gari. Akijua na harufu ni yake atakufa kesho. Basi nikaona nioze mimi kidogo. Na ulikuwa unatukana vizuri, Mzee, nilijifunza maneno."

Baba alicheka. Alicheka mpaka mfuko wa mchanga ukayumba, na machozi yalimtoka yakaingia masikioni, hakuyafuta. Alipotulia akanyoosha mkono, akanishika shati.

"Haijafika saa ya kunigeuza, lakini nigeuze," akasema. "Kushoto. Nataka kumwona huyu mtu uso."

Nikaingiza mikono chini yake, yule nesi kijana akashika mguu, tukamgeuza.

Ndimi kaka yako